Cheni ya Taimingi ya Probox: Usifunge Injini Kabla ya Kufungua Sampu

Probox inayotoka Murang'a mjini kupanda Kangema na kuendelea hadi Kiriaini haipati tambarare ya kupumzikia. Inapanda kwa gia ya pili ikiwa na abiria au magunia ya avokado, inashuka mtoni, inapanda tena. Injini yake mara nyingi ni 1NZ-FE ya Toyota, lita 1.5, silinda nne, valvu 16, na taimingi yake huendeshwa na cheni ya chuma, si mkanda wa mpira. Wenye magari huambiwa kwamba cheni hii haibadilishwi milele. Hudumu sana kweli, lakini kwa sharti kwamba oili ni safi na haijapungua. Gari la mtumba linaruhusiwa kuingia Kenya likiwa na umri usiozidi miaka 8, kwa hiyo hujui aliyelitumia kabla yako alibadilisha oili mara ngapi, au kama alibadilisha kabisa.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye gari unayetaka kujua fundi anafanya nini ndani ya injini yako, na wako wewe fundi unayeanza kazi na umekabidhiwa injini ya mtu. Hatua zenyewe zinafanana kwa injini nyingi za cheni, ila alama na vipimo vya kukaza nati hutofautiana, hivyo tafuta kitabu cha injini yako kabla ya kushika spana. Nimeweka mkazo kwenye usafi kuliko kwenye cheni yenyewe kwa sababu moja: cheni mpya ikifungwa kwa alama zake, kazi yake imekwisha. Kipande cha plastiki kilichosahaulika ndani ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ndiyo kwanza kinaanza kazi.

Hakikisha kwanza ni cheni

Usinunue spea kwa kusikia kelele tu. Hiace za dizeli zenye injini ya 1KD au 2KD hutumia mkanda, na dashibodi zao zina taa ya T-BELT. Subaru za zamani zenye injini ya EJ hutumia mkanda pia. Probox, Vitz, Premio, Nissan Note, na Hiace za petroli za 1TR na 2TR hutumia cheni.

Dalili za cheni iliyolegea ni hizi:

- Asubuhi ya baridi, hasa Julai ukungu unaposhuka kutoka Aberdare, injini ikiwaka inakereketa upande wa mkanda wa feni kwa sekunde chache kisha inanyamaza.
- Baadaye kelele hiyo inabaki hata injini ikiwa moto.
- Taa ya injini inawaka na mashine ya kupima inasoma P0016, yaani kemshafti na krenki hazikubaliani.
- Gari limekosa nguvu ya mlima ulioupanda juzi bila shida.

Kabla ya kukubali kufungua, pima oili kwa kijiti. Oili ikipungua, tenshona inayokaza cheni hukosa msukumo na kelele ni ileile. Gia ya VVT-i, ile inayobadilisha taimingi ya kemshafti, ikichakaa nayo hupiga kelele inayofanana, tena wakati uleule wa kuwasha. Mwambie fundi afungue kifuniko cha tapeti tu kwanza, kazi ya nusu saa, aiangalie cheni kwa macho na aiguse. Ikiwa imelegea kati ya gia mbili za juu, au ukaona mfereji mrefu uliochimbwa kwenye reli ya plastiki inayoongoza cheni, hapo endelea.

> SIMAMA HAPA
> Ikiwa injini ilizima ghafla barabarani na sasa stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, huenda cheni imekatika au imeruka meno. Usiendelee kupiga stata. Usivutwe kwa kamba ukijaribu kuwasha. Katika 1NZ-FE valvu na pistoni zinaweza kugongana, na kila mzunguko unaongeza valvu iliyopinda. Cheni ikishawekwa, pima kompresheni ya silinda zote nne kabla ya kuwasha. Silinda isiyoshika pumzi maana yake ni kufungua silinda hedi.

Uchafu unapita wapi

Elewa njia ya oili na utaelewa kila onyo linalofuata. Oili hutulia kwenye sampu. Pampu huinyonya kupitia chujio la wavu mnene lililo karibu kabisa na sakafu ya sampu, kisha huisukuma hadi filta, halafu kwenye beringi za krenki, kemshafti, VVT-i na tenshona. Zingatia mpangilio huo: filta iko *baada* ya pampu. Kinachopenya wavu kinapita kwenye meno ya pampu kwanza. Na kisichopenya wavu kinabaki kimeuziba. Wavu ukizibwa nusu, gari hutembea vizuri kwenye mteremko wa Sagana, kisha likipanda mlima mrefu kwa mzunguko mkubwa oili haitoshi, taa nyekundu inapepesa, na beringi zinaanza kula chuma.

Filta nayo si ukuta kamili. Ina valvu ndogo inayofunguka ikiwa imeziba au oili ni nzito kwa baridi, ili injini isikose oili kabisa. Wakati huo oili inapita bila kuchujwa.

Uchafu wenyewe hutoka sehemu tano: vipande vya reli za plastiki zilizovunjika, silikoni ya zamani iliyokwanguliwa, udongo na mchanga ulioganda nje ya injini, nyuzi za matambara, na unga wa msasa. Huo wa mwisho ndio mbaya kuliko yote na ndio usioonekana. Fundi anafunga kisahani cha msasa kwenye drili na kusafisha uso wa aluminiamu ung'ae kwa dakika mbili. Punje zinazobanduka kwenye kisahani hicho ni ngumu kuliko chuma cha krenki. General Motors waliwahi kuziandikia gereji zao onyo kwamba visahani vya aina hiyo vinaharibu beringi, kwa sababu unga wake unabaki ndani hata baada ya kufuta. Uso unaong'aa unafurahisha macho, lakini beringi hazihitaji mng'ao.

Andaa kabla ya kufungua

☐ Seti nzima: cheni, tenshona, reli zote mbili, na gia kama meno yamechongoka. Cheni mpya juu ya tenshona ya zamani ni pesa iliyotupwa.
☐ Sili ya mbele ya krenki, gasketi ya kifuniko cha tapeti, gasketi au oringi ya chujio la sampu.
☐ Silikoni nyeusi au ya kijivu ya injini, tubu ambayo haijaanza kukauka.
☐ Filta *mbili* na oili ya mara mbili. Sababu utaiona mbele.
☐ Spana ya toki. Kama gereji haina, azima.
☐ Vikwangulio vya plastiki au mbao, dawa ya kulainisha silikoni, brashi laini.
☐ Matambara ya pamba yasiyotoa nyuzi. Si gunia, si wesiti.
☐ Shuka jeupe au karatasi kubwa nyeupe.
☐ Tochi, sumaku ya mkono mrefu, na simu ya kupigia picha.

Kuhusu kununua: ukituma mtu Kirinyaga Road, Nairobi, akuletee seti, mpe namba ya chesisi na namba ya injini, si "ya Probox" tu, kwa sababu Probox zimekuja na injini zaidi ya moja. Spea ikifika, hesabu viungo vya cheni mpya na ya zamani kabla ya kufunga. Cheni yenye alama za rangi zinazofutika kwa kucha, au isiyo na alama kabisa, irudishe. Tenshona na reli za mtumba kutoka injini iliyofunguliwa usizikubali kamwe, hata kama ni bei ya nusu. Plastiki iliyochemka kwenye oili miaka kumi imekwisha kukauka.

Chagua mahali. Udongo mwekundu wa Murang'a wakati wa kiangazi ni mwepesi, unapanda na kila pikipiki inayopita. Kibanda kilicho ukingoni mwa barabara si mahali pa kuacha injini wazi mchana kutwa. Tafuta sakafu ya saruji, au tandika turubai na uinyunyizie maji pembeni, na ufanye kazi asubuhi kabla ya upepo.

Hatua kwa hatua

1. Osha nje kwanza. Chomoa betri, funika altaneta na viunganishi vya nyaya kwa nailoni, kisha osha upande wote wa cheni kwa mafuta ya taa na brashi. Ukauke. Udongo ulioganda juu ya boliti ndio utakaoangukia ndani ukianza kufungua.

2. Mwaga oili kwenye beseni safi. Ipitishe polepole mbele ya tochi na uguse tope la chini kwa vidole. Vipande vyeusi vyenye kingo ni plastiki. Kumetameta kama rangi ya dhahabu ni beringi, na hapo kazi imeshakuwa nyingine: zungumza na fundi upya kabla ya kununua cheni.

3. Toa njia. Tairi la mbele kulia, kinga ya matope, mkanda wa feni, altaneta, koili, kifuniko cha tapeti. Beba injini kwa jeki chini ya sampu ukiweka kipande cha mbao katikati, ndipo utoe mautingi ya kulia. Jeki isiyo na mbao huibonyeza sampu, na sampu iliyobonyea hulibana chujio. Gari lenyewe likae juu ya stendi. Usiingize mwili wako chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

4. Leta silinda ya kwanza juu. Zungusha krenki kwa spana kuelekea upande wa saa hadi mfuo wa puli ulingane na 0, na alama za gia za kemshafti zielekee juu. Kama za juu haziko mahali, ongeza mzunguko mmoja. Piga picha, karibu na kwa mbali.

5. Ziba mashimo. Kabla kifuniko cha mbele hakijatoka, ziba matundu ya plagi, mdomo wa hewa na mashimo ya oili juu ya silinda hedi. Tumia matambara makubwa yanayobaki yakining'inia nje. Yahesabu na uandike idadi kwenye kioo cha mbele kwa chaki. Idadi hiyohiyo itoke.

6. Toa puli, pampu ya maji, kisha kifuniko cha mbele. Kwenye 1NZ-FE pampu ya oili imejengwa ndani ya kifuniko hiki, kwa hiyo kiweke kifudifudi juu ya shuka jeupe, si juu ya udongo. Kikishikilia, tafuta sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya kukibandua. Bisibisi ikilazimishwa kati ya nyuso mbili za aluminiamu huacha mkwaruzo, na mkwaruzo huo utavuja. Mara kifuniko kinapotoka, mbele ya sampu iko wazi chini ya mikono yako. Ifunike hapohapo.

7. Toa tenshona, reli na cheni. Tangu sasa usizungushe krenki wala kemshafti ovyo. Kisahani cha sensa kilicho mbele ya krenki kina upande wake, picha itakukumbusha.

8. Panga vipande. Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo ninayokuomba uisimamie mwenyewe. Laza reli za zamani juu ya shuka jeupe, kando ya reli mpya. Kila kilichovunjika kiunganishe hadi umbo likamilike. Pakibaki pengo la ukubwa wa ukucha, ukucha huo wa plastiki uko ndani ya injini. Sumaku haitauleta, kwa kuwa plastiki na aluminiamu havishikwi na sumaku. Hata reli zisipovunjika, angalia mfereji uliochimbwa na cheni: plastiki iliyotoka humo ilienda kwenye oili.

9. Fungua sampu. Hata kama vipande vyote vimepatikana. Injini ikishabebwa pengine badala ya juu ya jeki ile, fungua sahani ya chini ya bati, toa chujio, litazame wavu wake dhidi ya mwanga. Utaona nini? Silikoni iliyovimba kama nyuzi za tambi, makaa ya oili, plastiki. Lisafishe kwa petroli na brashi laini kutoka ndani kwenda nje, au libadilishe kama wavu umeziba kabisa. Futa sakafu ya sampu kwa mkono na kona zake zote. Kazi hii inaongeza saa moja au mbili. Fundi akikuambia haina haja, mwambie utailipia.

10. Kwangua silikoni ya zamani kwa plastiki. Paka dawa ya kulainisha, subiri, kwangua ukivuta kuelekea *nje*. Hakuna msasa, hakuna drili. Usipulize kwa kompresa, kwa sababu hewa inaingiza ndani kile unachotaka kitoke. Malizia kwa tambara lenye kemikali ya kusafisha isiyoacha mafuta, hadi tambara jeupe litoke jeupe.

11. Funga cheni. Paka oili safi kwenye reli na cheni. Linganisha viungo vyenye rangi na alama za gia, moja baada ya nyingine, ukianza chini. Bonyeza pistoni ya tenshona ndani, ishikilie kwa pini yake, kaza boliti zake, *ndipo* utoe pini. Pini ikisahaulika, cheni huruka siku ya kwanza.

12. Zungusha kwa mkono. Mizunguko miwili kamili ya krenki, kwa spana, taratibu. Ukihisi kitu kigumu kinazuia, simama, rudi nyuma kidogo, tafuta sababu. Alama za gia zirudi mahali pake. Viungo vyenye rangi havitarudi sawa na gia baada ya mizunguko hiyo, na hilo ni kawaida. Usianze upya kwa sababu yake.

13. Paka silikoni nyembamba. Mstari mmoja usiokatika, unene wa milimita 3 hivi, na zaidi kidogo pale nyuso tatu zinapokutana. Silikoni inayominyika nje unaiona. Kiasi hichohicho kimeminyika ndani, na siku moja kitakatika na kwenda kwenye chujio ulilolisafisha. Funga kifuniko ndani ya dakika chache kabla haijaanza kuganda, kaza boliti kwa mzunguko na kwa toki. Soma kwenye tubu muda wa kusubiri kabla ya kuweka oili, na uuheshimu.

14. Hesabu matambara. Linganisha na idadi iliyo kwenye kioo.

15. Jaza oili bila kuwasha. Lita 3.7 hivi pamoja na filta kwa 1NZ-FE. Pima kwa kijiti. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa sekunde chache chache ukipumzika, hadi taa nyekundu ya oili izime. Rudisha fyuzi. Washa. Kelele ya sekunde moja au mbili ni tenshona kujaa. Taa isipozima, zima injini mara moja.

> MAKOSA YANAYORUDIWA
> • Kubadilisha cheni bila tenshona.
> • Kukaza puli ya krenki kwa kukisia. Ikilegea, inaharibu ncha ya krenki.
> • Kutoboa filta ya zamani, kumwaga, kisha kuirudisha "kwa muda".
> • Kuweka oili nzito ya 20W-50 ili kuficha kelele. Injini hii iliundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Nzito huchelewa kufika kwenye tenshona asubuhi ya baridi, na kelele unayoificha ndiyo unayoitengeneza.
> • Kuacha injini wazi usiku bila kufunika.

Kilomita 500 za kwanza

Ile filta ya pili ni ya hapa. Hata kazi ikifanywa kwa uangalifu, kuna mabaki madogo yatakayosombwa oili ikipata moto. Baada ya kilomita 200 hadi 500, kabla hujarudi kubeba mizigo mizito, mwaga oili na ubadilishe filta. Kisha fungua ile uliyotoa: kata kopo lake kwa mkasi wa bati au kikata filta, si kwa msumeno, kwa sababu unga wa msumeno utauchukulia kuwa chuma cha injini. Kunjua karatasi ya ndani juu ya shuka jeupe. Punje chache za silikoni zisikutishe. Vipande vya plastiki maana yake sampu ifunguliwe tena. Chuma kinachometameta, gari lisimame.

Baada ya hapo badilisha oili kila kilomita 5,000 kama gari linabeba abiria milimani, na upime kwa kijiti kila Jumatatu. Nunua oili kwenye duka lenye risiti, na uangalie kama kizibo cha kopo kimewahi kufunguliwa. Oili chafu usiimwage kwenye mtaro, kwa sababu mitaro ya Murang'a inaishia Mathioya na Maragua. Iweke kwenye mtungi na umrudishie muuzaji au gereji inayoikusanya.

Maswali ya kumwuliza fundi kabla ya kumpa funguo

1. Utafungua sampu? Jibu "tukiona haja" halitoshi.
2. Una toki? Nionyeshe.
3. Utasafisha uso wa kifuniko kwa kutumia nini?
4. Injini italala wapi usiku ikiwa kazi haijaisha?
5. Nitazipata spea zote za zamani, pamoja na vipande?
6. Una cheti cha ufundi cha NITA, au ulijifunza kwa nani? Wapo mafundi wazuri wa jua kali wasio na karatasi. Wewe sikiliza kama anaweza kukueleza alama za taimingi bila kusitasita.

Patana bei ya sampu na filta ya pili tangu mwanzo, iandikwe kwenye karatasi pamoja na kilomita za siku hiyo. Gari likirudi na kelele ileile ya asubuhi ndani ya mwezi mmoja, usikubali cheni nyingine kabla presha ya oili haijapimwa kwa geji na chujio halijatazamwa tena.